Kutoka Jiko la Shule Hadi Katikati ya Uwanja

Wasichana wa timu wameniomba niandike kabla sijasahau. Nadhani walitaka mabao. Mabao yangu ni machache, na mawili kati ya hayo yaligonga kwanza mguu wa beki wao ndipo yakaingia. Nilicheza kiungo. Kazi ya kiungo katika mpira wa magongo ni kuupokea mpira kutoka kwa mtu mwenye haraka na kuufikisha kwa mwingine mwenye haraka zaidi, na ukiifanya vizuri hakuna atakayekumbuka kwamba ulikuwepo. Kwa hiyo nitaandika nilivyoanza, makosa niliyoyafanya, vifaa, watu walionifundisha, na jambo moja la nyumbani lililokwenda pamoja na magongo miaka yote. Nimejaribu kulitenga nimeshindwa.

Nilizaliwa Tezo, kijiji cha Kilifi. Mama alitangulia, na kabla ya mwaka kwisha baba akamfuata. Nilikuwa na miaka kumi na sita, kidato cha pili. Nyuma yangu walikuwapo wadogo zangu wawili: mvulana, Charo, wa miaka kumi, na msichana, Sidi, wa minne. Matanga ya baba yalipoondolewa, jamaa waliketi uani kutugawa. Siliandiki neno hilo kwa uchungu. Ndivyo ifanywavyo, na mara nyingi hufanywa kwa huruma. Charo aende kwa baba mdogo, Sidi aende Junju kwa Shangazi Dama, dada yake baba, na mimi nitafutiwe pa kukaa mpaka nimalize shule. Shangazi alikuwa amekuja na kanga ya kumbebea Sidi, ameikunja vizuri mapajani.

Nikasimama, jambo ambalo msichana wa umri ule halifanyi mbele ya wazee, nikasema hatugawanyiki. Nitaacha shule, nitafanya kazi, tutalala nyumba moja. Wazee wakaguna. Aliyenijibu ni shangazi.

"Haya, kaa nao," akasema. "Lakini siku nikisikia huyu mdogo amelala peke yake, sitaitisha kikao. Nitakuja mwenyewe."

Hayo ndiyo yaliyokuwa makubaliano. Hayakuandikwa popote, wala hakuna siku niliyoyasahau.

Kazi niliipata katika jiko la shule moja ya bweni ya wasichana, si mbali na mji wa Kilifi. Sima ya shule nzima haisongwi kwa mkono mmoja. Mwiko wake una urefu wa jembe, unaushika kwa mikono miwili na kuuelekeza kwa kiuno. Mimi ni mtu wa mkono wa kushoto. Marehemu bibi alijitahidi kunirekebisha kwenye sahani, akafaulu, lakini kwenye mwiko hakuwapo, basi mkono wangu wa kushoto ulikaa juu na wa kulia chini.

Mwalimu wa michezo aliitwa Njeri, mtu wa bara, aliyelilalamikia jua la Kilifi tangu siku aliyoripoti hadi siku ya uhamisho wake. Alikuwa akija jikoni kuomba maji ya baridi. Siku moja alisimama mlangoni na kikombe mkononi, hakunywa.

"Wewe, nani alikufundisha kushika hivyo?"

"Kushika nini, mwalimu?"

"Hiyo mwiko."

Nikamwambia hakuna aliyenifundisha, na kama nimekosea aniambie. Akacheka. Alinieleza kwamba wasichana wake huchukua muhula mzima kuzoea kuweka mkono wa kushoto juu, kwa sababu mkono huo ndio unaoligeuza gongo na wa kulia unasindikiza tu. Nikasema kama ni hivyo, basi magongo yalitengenezwa kwa ajili ya watu wa kushoto. Akasema hapana, magongo yote ni ya kulia, ya kushoto hayaruhusiwi. Nikauliza kwa nini. Akasema ni sheria. Hata jikoni, mtu akikwambia ni sheria, ujue naye hajui.

Juma lile mchezaji wake mmoja aliugua malaria, na mechi ilikuwa saa kumi. Aliniomba nisimame tu, timu itimie. Nilisimama na aproni. Mpira wa kwanza ulionifikia niliupiga kwa mgongo wa gongo, upande ule wa mviringo, filimbi ikalia. Wa pili uligonga mguu wangu, filimbi ikalia. Wa tatu niliuzuia vizuri, nikausimamia nikiutazama, maana sikuwa nimewahi kuuona kwa karibu: mweupe, mgumu kama jiwe la kusagia, una vishimo vidogo vidogo. Wakati naendelea kuuchunguza, msichana wa upande wa pili akaja akauchukua. Tulifungwa manne. Nilirudi jikoni nikiwa na maswali zaidi ya hayo manne, na kesho yake, sima ilipokwisha, nikaenda tena uwanjani.

Uwanja wenyewe nauandika kwa sababu ndio ulionilea. Ulikuwa udongo mwekundu uliotandazwa juu ya mwamba wa matumbawe, na mwamba ulichomoza popote ulipopenda. Mpira ukipigwa kwenye uwanja ule hauji kwako moja kwa moja. Unakuja ukiruka, na lazima uamue mapema utaruka wapi. Niliyajua mawe yote. La karibu na goli la upande wa jikoni lilipeleka mpira kulia. La katikati liliurusha mpaka kifuani. Pembeni mwa mkorosho kulikuwa na jingine lililoufanya usimame kabisa, kana kwamba umeitwa. Nikajifunza kulegeza mikono na kuinua gongo kidogo kabla mpira haujafika, ili ukiruka unikute nimeshajiandaa. Wageni walioletwa kucheza nasi walikuwa wakilalamika. Sisi tuliwakaribisha maji.

Gongo langu la kwanza lilikuwa limevunjika shingoni. Nililiunga kwa gundi ya seremala, nikalifunga kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, na likawa zito upande mmoja. Nilicheza nalo karibu miaka miwili. Baadaye nimetumia magongo mepesi ya kiwandani, yasiyopinda wala kulowa, lakini kwa anayeanza nasema hivi: gongo baya litakufundisha mapema mkono wako uko wapi.

Mwalimu Njeri alipopata uhamisho aliniachia barua, si kwangu bali kwa mtu aliyeitwa Halima, nahodha wa timu moja ya wanawake Mombasa. Nikaenda Jumamosi, nikiwa nimewaacha Charo na Sidi kwa jirani. Halima alikuwa mtoto wa mji, mzaliwa wa Malindi, mwembamba, mtandio umefungwa barabara, suruali ndefu chini ya sketi ya mchezo. Kiswahili chake kilinifanya nihisi kwamba changu kilikuwa nusu. Alikuwa amenizidi miaka kama kumi, basi nikamwamkia.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Na iwe ya mwisho uwanjani, mwanangu. Mpira hautungoji tuamkiane."

Yeye ndiye aliyenifundisha kazi. Sikuijua bado, nilijua mawe tu. Zoezi lake kubwa lilikuwa hili. Mtu mmoja ananipigia mpira kutoka mbele. Halima anasimama nyuma yangu, hatua kumi hivi, anainua vidole. Kabla mpira haujanifikia lazima nigeuze shingo, nione vidole, nirudishe macho, niupokee mpira na papo hapo nitaje idadi. Nikikosea idadi, nabeba mfuko wa mipira mpaka kituoni. Nikitaja sawa mpira ukanipita, nabeba vilevile. Nilibeba mfuko ule miezi mitatu, na wachezaji wenzangu wakaniita Hamali.

Nilimwuliza kwa nini nisitazame baada ya kuupata mpira, nikiwa nimetulia. Akanijibu kwamba ukishaupata mpira hakuna kutulia tena, na ujinga wote wa kiungo hutokea pale anapoanza kutafuta la kufanya ilhali mpira uko miguuni. Kiungo anauliza maswali yake mapema, akasema. Nilipenda kuambiwa hivyo. Nyumbani na jikoni nilikuwa nikiambiwa nipunguze maswali.

Jumamosi zote nilirudi Tezo kabla ya giza. Kwa miaka mitano sikulala nje ya nyumba hata mara moja. Timu ikienda mbali, mimi sikwenda. Halima alijua sababu, kwa hiyo hakunisukuma, ila siku moja alisema, bila kunitazama, kwamba anawajua wachezaji wengi wenye vipaji waliobaki kuwa wachezaji wa Jumamosi.

Nilipofikisha miaka ishirini na mmoja niliitwa kwenye kambi ya majaribio ya timu ya taifa, Nairobi, wiki mbili. Charo alikuwa na kumi na tano, Sidi tisa. Nilizungumza na jirani yetu, mjane mwenye moyo mkubwa, akakubali kulala kwetu siku zote hizo. Nikaenda hadi Junju kumweleza shangazi mwenyewe, asije akasikia kwa watu. Alinisikiliza akiwa anachambua mchicha, akauliza mara mbili kama jirani ana usingizi mzito. Nikamwambia hata sijui. Akasema niulize. Niliuliza; hakuwa nao. Nikasafiri.

Sasa nakuja kwenye kosa ambalo bado naulizwa. Uwanja wa Nairobi ulikuwa wa nyasi bandia, unamwagiwa maji kabla ya mchezo ili mpira uteleze. Sikuwa nimewahi kukanyaga uwanja wa namna hiyo. Mpira wa kwanza nilioletewa ulipita chini ya gongo langu. Wa pili pia. Wa tatu ulipita, na kocha akaandika kitu kwenye daftari lake. Halima, ambaye alikuwa amechaguliwa tangu zamani, alinijia akijifanya anafunga kamba za viatu.

"Unamngoja nani aruke?" akaninong'oneza. "Hapa hakuna mawe, Kache. Mpira utakuja papo hapo unapouona."

Alikuwa amesema kweli. Kila mpira ulipokuja, mikono yangu ilikuwa inaliinua gongo kidogo, kuungoja uruke. Wenzangu waliolelewa kwenye viwanja vizuri wasingeweza kukosea hivyo hata kwa makusudi. Kwenye mapumziko niliinama nikaupapasa uwanja kwa kiganja, kisha nikalaza shavu kabisa ili niutazame kwa usawa wa mpira. Mtu wa kumwagilia maji akanijia na bomba lake, akauliza kama nimepoteza herini.

Nilimwuliza yeye maswali mengi. Maji hukauka kwa muda gani, upande gani unakauka kwanza, mpira hupungua mwendo wapi. Alifurahi, alisema amefanya kazi pale miaka mingi na hakuna mchezaji aliyewahi kumwuliza chochote isipokuwa choo kiko wapi. Akanionyesha kona moja ambapo maji hayafiki sawasawa. Siku zilizofuata nilijilazimisha kuliweka gongo chini, chini kabisa, vifundo vya mkono wa kulia vikikwaruzika. Siku ya tano mipira iliacha kunipita. Ya nane, tulichezeshwa kwenye uwanja wa zamani wa nyasi, wenye mashimo, na huko nikawa naokota mipira ambayo wenzangu waliiona ikiwarukia usoni. Kocha akaandika tena. Jina langu likasomwa mwisho, la kumi na nane.

Miaka miwili iliyofuata nilipewa kazi mbili. Ya kwanza, kiungo wa nyuma ya Halima. Ya pili, kukimbia wa kwanza kwenye kona fupi. Nieleze kwa ambaye hajui. Wapinzani wakipewa kona fupi, mpira unasukumwa kutoka mstari wa goli hadi nje ya duara, kuna mtu pale wa kuupiga kwa nguvu zake zote. Sisi watano tumo ndani ya goli na kando yake. Mpira ukianza kutembea tu, mmoja anatoka mbio moja kwa moja kumwendea mpigaji, gongo chini, kinyago usoni, ili aharibu pigo lile au alipokee kwa mwili. Mmoja huyo nilikuwa mimi. Watu huuliza kama niliogopa. Ukweli ni kwamba nilikuwa na hamu ya kujua. Kila mpigaji ana namna yake: bega linashuka, au mguu unatangulia, na ukiijua mapema unajua mpira utakwenda wapi. Nilikuwa nahesabu hatua zao tangu wanapopasha misuli moto. Magoti yangu na mbavu mbili zinathibitisha kwamba hesabu haikutoka sawa siku zote.

Tukafika kwenye mashindano ya kufuzu, katika jiji moja la kusini mwa Afrika. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Jirani yetu alikuwa tena nyumbani, kama mara zote nilizosafiri. Asubuhi ya mechi ya kuamua, tukiwa tunakunywa chai, simu ikalia. Alikuwa Charo, sauti imekauka. Jirani alikuwa amefiwa, akaondoka ghafla kwenda kuzika kwao. Charo, aliyekuwa na miaka kumi na saba, alikuwa na mchezo wa shule Malindi, wakachelewa, wakalala huko. Alidhani usiku mmoja si neno. Sidi alilala peke yake. Nani aliyempelekea shangazi habari sikujua, lakini alikuwa amefika mapema asubuhi ile.

"Dada, amemchukua," Charo akasema. "Hakugomba hata. Amefunga nguo zake tu wakaenda."

Nilimwambia Halima peke yake. Akasema ndege ya kurudi ni kesho jioni, hakuna nyingine, na kati ya sasa na wakati huo lipo jambo moja tu ninaloweza kulifanya au kuliacha. Kama moyo hauko, nimwambie kocha, nikae benchi, hakuna atakayenilaumu. "Ila usinichezee nusu, mwanangu. Nusu ndiyo itakayotuumiza."

Nikasema nitacheza. Nilicheza nusu.

Kwa nje haikuonekana. Nilikimbia kuliko siku zote. Lakini shingo yangu ilisahau kugeuka. Nilikuwa naupokea mpira bila kujua nani yuko nyuma, na katika robo ya mwisho, tukiwa sare, niliupokea hivyo, nikageuka na kumparamia kiungo wao, bega kwa kifua, akaanguka. Kadi ya kijani. Dakika mbili nje, kwenye kiti. Nilikaa pale nikitazama nafasi yangu ikiwa tupu katikati ya uwanja, na nafasi hiyohiyo ndiyo waliyoipitia wakafunga. Tulitoka bila kufuzu. Kwenye karatasi za mchezo bao lile lina jina la aliyelifunga. Halima alinibebea begi mpaka kwenye basi, na hilo lilinisema kuliko maneno.

Niliteremka uwanja wa ndege nikaenda moja kwa moja Junju, bado na jezi ya safari. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nitamwambia shangazi ni usiku mmoja katika miaka saba. Nitamwambia watoto hawa hawajawahi kukosa chakula. Nitamwambia niliahidi mbele ya wazee na nimetimiza. Nilikuwa na hoja kumi, nzuri zote.

Shangazi alikuwa nyuma ya nyumba, na Sidi kando yake juu ya mkeka, wanapukuchua mahindi. Nikamwamkia, akaitika. Alinipa kigoda. Sikukaa.

"Sikumwiba," akasema. "Nilimkuta amelala saa mbili asubuhi, mlango umeegemezwa kiti."

Nikaanza hoja zangu. Nilifika ya tatu au ya nne. Hakunikatiza, aliendelea kupukuchua, ikawa mimi ndiye ninayesikika kama anayegomba peke yake. Nikamgeukia Sidi, nikamwambia akachukue nguo zake tuondoke.

"Umemwuliza?" shangazi akasema.

Mtu aliyemwuliza mmwagiliaji kona ipi hukauka kwanza, aliyemwuliza jirani uzito wa usingizi wake, hakuwa amewahi, kwa miaka saba, kuwauliza wale wawili kama wanataka kile alichowaahidia. Niliahidi nikiwa nimesimama mbele ya wazee. Sidi alikuwa na miaka minne, amelala begani mwa mtu. Tangu hapo nililibeba jambo lile kama langu.

Nikakaa kwenye kigoda. Nikamwuliza Sidi anataka nini.

Alilitazama gunzi alilolishika, akalitupa kwenye lundo, akachukua hindi jingine. "Nataka kubaki," akasema. "Hapa nikirudi shuleni kuna mtu."

Nilimwuliza kama ana hakika. Akatikisa kichwa kukubali. Nikasema haya. Nilikula nao mchana, ugali na mchicha wa nazi, nikaondoka. Charo alikuwa ananingoja nje ya nyumba Tezo. Aliponiona niko peke yangu aliingia ndani, na hatukulizungumza mpaka juma la pili. Nilikuwa nimesema hatugawanyiki. Tulikuwa tumegawanyika, na aliyetoa ruhusa ni mimi.

Nimeulizwa na wasichana kama hapo ndipo nilipofikiria kuacha. Nilifikiria. Kisha nikaona kwamba nikiacha magongo sasa, Sidi akisikia ataona kama ameambiwa kosa ni lake. Nikarudi kambini. Kila Jumapili niliyokuwa pwani nilikwenda Junju. Mara nyingine Sidi alikuwa na mengi ya kusema, mara nyingine alikuwa na marafiki na mimi nikawa mgeni wa shangazi tu. Uwanjani nilirudisha shingo yangu mahali pake, na nikacheza miaka kumi na mitatu zaidi. Halima alipostaafu nilipewa utepe wake wa unahodha, na nikawarithisha wachezaji vidole vyake na mfuko wa mipira. Shangazi alituacha miaka michache iliyopita. Ni mimi, Charo na Sidi tulioketi mbele kwenye matanga yake, na hakukuwa na mtoto wa kugawa.

Mechi yangu ya mwisho haikuwa na lolote la pekee. Tulishinda mbili kwa sifuri, na kocha akanitoa dakika tano kabla ya mwisho ili watu wanipigie makofi. Nilikuwa nimeshaona mpigaji wao wa kona fupi anashusha bega la kulia na nilitaka kubaki nimkimbilie mara moja. Sikubakizwa. Mpaka leo sijui kama nilikuwa sahihi juu ya lile bega.

Kabla sijaandika haya nilikwenda Gede kumwomba Sidi ruhusa, kwa kuwa nusu ya habari ni yake. Ana miaka ishirini na minne sasa, ni fundi wa cherehani, ana chumba chake kando ya barabara na foleni ya wateja ambayo mimi sikuwahi kuwa nayo ya mashabiki. Nikamwambia nataka kuandika habari ya Junju. Akasema niandike. Nikamwuliza anakumbuka nini juu ya siku ile.

Hakuinua macho kwenye kitambaa. "Nakumbuka nilikuwa nangoja useme hapana."

Nje kulikuwa na mtu anayebishana na mwuza maembe. Nikamwuliza ningesema hapana ingekuwaje.

"Ningekuja nawe, na ningekuchukia kidogo," akasema. "Ulisema haya, nikabaki, nikakuchukia kidogo. Kwa hiyo usijisumbue, dada. Ungefungwa tu." Akakata uzi kwa meno. "Ila watu wengine wote walikuwa wamesema tu nitakaa wapi. Uliuliza wewe."

"Nilichelewa."

"Ulichelewa. Nami nilidanganya. Sikuwa na hakika hata kidogo."

Nikamwuliza, na sasa ana hakika?

"Sasa nina gauni la mtu, atakuja saa kumi," Sidi akasema, akanisukumia upande mmoja wa kitambaa. "Shika hapa. Usivute."

Nikashika. Sikuvuta. Mashine ikaanza.